"Haijaitikiwa" na "Haikuitikiwa": Uhakiki wa Lugha ya Kusubiri na Kurudia katika Programu za Kupakua Faili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matini fupi za Kiswahili ambazo programu za simu na kompyuta humwonyesha mtumiaji upakuaji wa faili unapokwama: "Muda umekwisha", "Imeshindwa kupakua" na "Jaribu tena". Kwa kurejelea mazingira ya matumizi ya intaneti Mwananyamala, Dar es Salaam, inajengwa hoja kwamba matini hizo zimetafsiriwa neno kwa neno bila kuutumia mfumo wa njeo na hali wa Kiswahili, hasa tofauti ya -ja- na -ku- katika ukanushi, na kwamba kasoro hiyo humgharimu msomaji fedha.

Utangulizi

Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, mjadala kuhusu Kiswahili cha kompyuta umetawaliwa na istilahi moja moja: kompyuta au tarakilishi, nywila au nenosiri, tovuti au wavuti. Mjadala huo umekuwa na manufaa yake, ingawa mara nyingine umefanana na ugomvi wa majirani juu ya mpaka wa kiwanja ambacho hakuna anayekijenga. Kilichosahaulika ni sentensi. Mtumiaji wa simu hasomi istilahi. Husoma sentensi, tena huisoma akiwa na haraka, na huamua jambo kwa kuitegemea.

Programu za ofisi za mwaka 2004 zilihusu zaidi uandishi wa nyaraka. Humo mashine hutenda papo hapo: kuhifadhi, kufuta, kuchapisha. Kusubiri hakukuwa mada. Katika upakuaji wa faili kupitia mtandao, kusubiri ndiyo mada yenyewe. Kila programu ya kupakua huongozwa na mipangilio michache iliyofichwa: isubiri kwa muda gani kabla ya kukata tamaa, irudie mara ngapi, ipumzike kiasi gani kati ya jaribio na jaribio, na ikirudi ianzie wapi. Tarakimu hizo huwekwa na msanidi. Programu ya wget, kwa mfano, isipoagizwa vingine hurudia hadi mara 20 na huvumilia ukimya wa sekunde 900, yaani robo saa nzima. Programu ya curl hairudii kabisa mpaka iagizwe. Ikiagizwa, husubiri sekunde 1 kabla ya kurudia, kisha huzidisha kipindi hicho mara mbili kila inapokosa, hadi kufikia dakika 10. Programu mbili zinazofanya kazi moja zina tabia mbili tofauti za uvumilivu, na zote mbili, zikikutana na msomaji wa Kiswahili, hupaswa kumweleza kilichotokea. Swali la makala haya ni kama Kiswahili kinachotumika kwa kazi hiyo kinaeleza chochote.

Mazingira ya msomaji

Uhakiki wa matini hauwezi kumwacha msomaji hewani. Msomaji anayefikiriwa hapa yuko Mwananyamala, katika Wilaya ya Kinondoni: kwenye steshenari zilizo jirani na hospitali, kwa mafundi simu wa kandokando ya Barabara ya Mwinjuma, kwenye vibaraza vya Komakoma na Kwa Kopa. Anapakua fomu ya maombi, matokeo ya mtihani, kitabu cha kiada, au toleo jipya la programu ambayo imekataa kufanya kazi mpaka iboreshwe. Analipa kabla ya kutumia. Bando lake lina mipaka miwili, ya ukubwa na ya muda, na mipaka hiyo miwili hushindana kulimaliza.

Si mbali na hapo, Kijitonyama, yapo makao ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambako vijana wengi wamejifunza kusanidi programu. Umbali kati ya msanidi na msomaji ni mwendo wa dakika chache kwa daladala. Umbali wa lugha ni mkubwa zaidi, kwa kuwa msanidi huandika ujumbe wake kwa Kiingereza kwanza, kisha huutafsiri, au huuchukua umeshatafsiriwa na watu asiowajua.

"Muda umekwisha"

Kisarufi sentensi hii haina dosari. Kiima ni "muda", kitenzi kiko katika hali timilifu, upatanisho ni sahihi. Dosari ni kwamba haisemi ni muda wa nini. Nomino "muda" ikitajwa peke yake hudai muktadha wa kuikamilisha. Msimamizi wa mtihani akitamka maneno hayo, chumba kizima kinaelewa, kwa sababu muda huo una mwenyewe na unajulikana tangu asubuhi. Kwenye kioo cha simu, mwenyewe hajulikani. Muda wa kusubiri seva? Muda wa kikao cha mtumiaji? Muda wa bando?

Fasiri hii ya mwisho ndiyo ya hatari. Mteja wa bando la saa 24 amezoea kuarifiwa kwamba muda wa kifurushi chake umekwisha. Maneno hayo yana makazi ya kudumu katika uzoefu wake. Anapoyakuta katikati ya upakuaji, ana kila sababu ya kuamini kwamba ni taarifa ileile, na kununua bando jingine wakati la kwanza lingali hai. Grice (1975), katika kaida yake ya kiasi, alidai kwamba msemaji atoe taarifa nyingi kadiri mazungumzo yanavyohitaji. Hapa kaida hiyo imevunjwa na asiyekusudia kuivunja, na gharama inalipwa na msikilizaji. Kasoro ya kisemantiki imegeuka vocha.

Watetezi wa tafsiri hii watasema kwamba neno la Kiingereza lililotafsiriwa nalo halisemi ni muda wa nini. Ni kweli. Hata hivyo, wahandisi wenyewe, wanapoandika mipangilio, hutofautisha angalau subira tatu. Ya kwanza ni ya kusubiri seva iitikie wito. Ya pili ni ya kusubiri kipande kinachofuata cha faili baada ya seva kuitikia na kisha kunyamaza. Ya tatu ni ya kazi nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama vipande vinaendelea kuingia vizuri. Lugha ya mtafsiri imezikusanya zote katika maneno mawili. Kiswahili kina neno "ukomo", lililo hai katika "ukomo wa bajeti" na "ukomo wa uongozi", ambalo linaweza kuzibeba bila kulazimishwa: ukomo wa kuitikiwa, ukomo wa ukimya, ukomo wa jumla. Katika hayo matatu, "ukomo wa ukimya" una nguvu ya pekee, kwa kuwa unataja kinachopimwa. Programu inapochoka, inachokihesabu ni ukimya wa upande wa pili.

"Imeshindwa kupakua"

Ni nini kilichoshindwa? Kiambishi i- kinaweza kurejelea programu, simu, seva, intaneti, au faili kwa wale wanaoiweka nomino hiyo katika ngeli ya 9. Kinaweza pia kutorejelea chochote. Zaidi ya hapo, "shindwa" ni kauli ya kutendwa ya "shinda", na kauli hiyo humruhusu mtenda kutajwa kwa "na": kushindwa na nini? Sentensi inafungua swali na kuondoka. Kama lengo lilikuwa kutomtaja mtenda, kauli ya kutendeka ingetosha: "haikuwezekana", "imeshindikana". Uteuzi wa "imeshindwa" umeleta harufu ya lawama bila kuonyesha mlaumiwa, na katika hali hiyo wengi hujilaumu wenyewe, au hulaumu simu ya bei nafuu waliyonunua.

Linganisha na anavyosema mzungumzaji wa Dar es Salaam asiyesubiri tafsiri ya mtu. Faili ikiombwa na kioo kikawa kinaonyesha duara tu, husema "inazunguka". Asilimia ikifika 37 ikabaki hapohapo, "imekwama". Mtandao ukipotea kabisa, "umekata". Seva ikijibu kwa kukataa, au faili ikishuka lakini isifunguke, "imegoma". Vitenzi hivi vinne havikutungwa na kamati, na hakuna anayevihesabu kuwa istilahi. Hata hivyo vinapambanua hali ambazo mhandisi naye huzipambanua: wito usioitikiwa, ukimya katikati ya kazi, muungano uliovunjika, na ukatao wa wazi. Kwa mpangilio wa kurudia, mpambanuo huo ndio kila kitu. Iliyokwama inafaa kuendelezwa. Iliyokata inafaa kusubiri mtandao urudi. Iliyogoma kwa sababu faili halipo haifai kurudiwa hata mara moja. Ndiyo maana wget, pamoja na subira yake ya mara 20, huacha mara moja ikiambiwa kwamba kinachotafutwa hakipo. "Imeshindwa" imevifuta vyote vinne kwa mkupuo mmoja.

Haipendekezwi hapa kwamba "imegoma" iandikwe kwenye programu ya benki. Rejesta ina heshima yake. Inachosemwa ni kwamba tafsiri rasmi imekuwa maskini kuliko usemi wa kibarazani katika jambo ambalo tafsiri rasmi ndiyo iliyotarajiwa kuwa tajiri.

Kitenzi "pakua" chenyewe kinastahili neno. Jozi ya pakia na pakua ni ya mnyambuliko wa kutendua: kinachopakiwa chomboni hupakuliwa bandarini, na wali hupakuliwa kutoka sufuriani kwenda sahanini. Uteuzi wake kwa kazi hii ulikuwa wa busara, na umeshinda "kushusha" na "kudaunlodi" katika maandishi rasmi, ingawa si katika mazungumzo. Sasa, apakuaye wali akiitwa mlangoni huacha upawa, huenda, hurudi, huendelea. Kilichokwisha kuingia sahanini kimo sahanini. Programu nyingi, zikikatizwa, humwaga sahani na kurudi sufuriani upya. Sitiari iliyomo katika kitenzi inaahidi jambo ambalo mpangilio wa programu hautimizi.

Adabu ya hodi

Tatizo la kurudia ombi lisiloitikiwa si geni katika utamaduni wa Waswahili. Mgeni hupiga hodi. Akiitikiwa "karibu", huingia. Asipoitikiwa hungoja kidogo, hupiga tena, kisha mara ya tatu. Baada ya ya tatu huondoka, na hakuna atakayemlaumu. Desturi hii, iliyopata nguvu pwani kutokana na mafundisho ya Kiislamu kuhusu kuomba idhini mlangoni, ina ndani yake kila kipengele cha mpangilio unaojadiliwa: idadi ya marudio, kituo kati ya marudio, na ukomo. Tena ina kipengele ambacho wasanidi wengi hukisahau, nacho ni kituo kinachorefuka. Mtoto anayegonga mlango mfululizo hukaripiwa, hata kama hajazidisha mara tatu.

Wahandisi walifika hapo kwa njia yao. Mtandao wa ALOHA wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ulioanza kufanya kazi mwaka 1971, uliviwezesha vituo vingi kutumia mkondo mmoja wa redio. Wawili wakisema pamoja, ujumbe uliharibika. Kila mmoja alipaswa kungoja kwa kipindi cha kubahatisha kisha arudie, ili wasigongane tena. Jina la mtandao huo, inafaa kukumbuka, ni salamu. Kanuni ya kuzidisha kipindi mara mbili, inayotumiwa na curl hadi leo, ni ya ukoo huohuo. Sababu yake ni ya kijamii kuliko ya kiufundi: mlango haugongwi na mmoja. Simu elfu kumi zikirudia ombi kila sekunde, seva iliyokuwa inakaribia kupata nafuu hulemewa upya.

Mlinganisho wa hodi una mipaka yake. Seva yenye shughuli nyingi inaweza kujibu kwa kumtajia mwombaji sekunde za kungoja kabla ya kurudi, na mwombaji mwenye adabu huzitii. Anayefahamu ofisi za mjini ataitambua "njoo kesho", ila kwa tofauti moja ya kusifika: seva hutaja saa.

Kutoka -ja- kwenda -ku-

Kiswahili kina ukanushi wa aina mbili kwa tendo ambalo halikutimia kufikia sasa. "Haijaitikiwa" hukanusha "imeitikiwa". Hueleza kwamba tendo halijatukia mpaka wakati wa kusema, na huacha tarajio wazi. "Haikuitikiwa" hukanusha "iliitikiwa". Hulifunga tendo katika wakati uliopita na kuondoa tarajio. Mwanafunzi wa sarufi hufundishwa tofauti hii mapema, kisha mara nyingi huichukulia kuwa jambo la umbo tu. Katika mada hii ni jambo la maana. Mgeni anayesimama mlangoni baada ya hodi ya pili yuko katika -ja-. Anapogeuka kuondoka baada ya ya tatu, amehamia -ku-. Hakuna kilichobadilika ndani ya nyumba. Kilichobadilika ni uamuzi wa aliye nje.

Ukomo wa kusubiri katika programu ni mpaka huohuo. Msanidi anapoandika sekunde 10, au 60, au 900, anachagua mahali ambapo -ja- itageuka -ku-. Mtandao hauna habari na mpaka huo. Jibu la seva linaweza kuwa njiani, limechelewa kwa sekunde mbili. Lugha inayotumia -me- ya "imeshindwa" na "umekwisha" hulificha hili, kwa sababu -me- hueleza hali iliyokwisha kukamilika, kana kwamba jambo limetokea ulimwenguni, wakati kilichotokea ni programu kuamua kuacha. Mbaya zaidi, programu inayopanga kurudia baada ya sekunde 4 hutangaza "imeshindwa" kwa sekunde hizo 4, na mtumiaji hubonyeza, hufunga, huanza upya, akiivuruga kazi ambayo ingeendelea yenyewe.

Tukio la tarehe 12 Mei 2024 linaonyesha uzito wa jambo hili. Siku hiyo nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania, pamoja na ya nchi jirani, ikadhoofika. Mahali ambapo njia mbadala zilibaki, zilielemewa. Majibu yalikuja, ila kwa kuchelewa. Katika hali ya namna hiyo, programu iliyowekewa ukomo mfupi na msanidi mwenye mtandao wa kasi husema -ku- mahali ambapo ukweli ni -ja-. Kisha hurudia papo hapo, ikaongeza msongamano ule ule uliosababisha ucheleweshaji. Programu yenye ukomo mrefu mno nayo ina kosa lake: humwacha mtu akitazama duara kwa robo saa kwa ajili ya seva isiyokuwepo. Methali zimeliona jambo hili pande zote mbili, subira ikisifiwa kwamba huvuta heri na ngojangoja ikilaumiwa kwamba huumiza matumbo, na hakuna methali inayotaja idadi ya sekunde. Uamuzi huo ni wa msanidi, kwa kumjua mtumiaji wake. Kinachodaiwa kwa mtafsiri ni kwamba sentensi iseme wazi upande upi wa mpaka umefikiwa: "Seva bado haijaitikia, programu itarudia baada ya sekunde 4", au "Seva haikuitikia hodi zote 5, programu imeacha kurudia".

"Jaribu tena"

Kitufe chenye maneno haya ndicho kinachobonyezwa kuliko vyote, na ndicho chenye utata mkubwa kuliko vyote. Neno "tena" katika Kiswahili lina maana ya kurudia tendo lilelile na pia ya kuongeza juu ya lililopo: "alisoma tena" aweza kuwa ameanza ukurasa wa kwanza au ameendelea alipoishia. Kwa faili, kauli hizo mbili ni malipo mawili tofauti.

Chukua faili la megabaiti 600 na mtandao unaotoa megabiti 1 kwa sekunde. Upakuaji kamili unahitaji sekunde 4,800, yaani dakika 80. Ikiwa msanidi ameweka ukomo wa jumla wa dakika 30, programu itakatisha kazi ikiwa imekwisha kupokea megabaiti 225, ingawa hakuna kilichoharibika. Mtumiaji anabonyeza "Jaribu tena". Ikiwa maana yake ni kuanza upya, zinapokewa megabaiti 225 zilezile, na ukomo unafika tena. Baada ya majaribio matatu bando limeliwa megabaiti 675, zaidi ya ukubwa wa faili lenyewe, na mtumiaji hana kitu. Hata akijaribu mara mia hatapata kitu. Ikiwa maana yake ni kuendeleza, jaribio la tatu linamaliza kazi, na kilicholipiwa ni megabaiti 600. Itifaki ya mtandao inaruhusu kuendeleza tangu zamani: programu huomba faili kuanzia baiti fulani, na seva inayokubali hutuma kilichobaki tu. Adabu inahitajika hapa pia. Kabla ya kuendelea, programu huhakikisha kwamba faili la upande wa pili ni toleo lilelile, kama mtu arudiye kwenye nyumba aliyoiacha jana huangalia kwanza kama wenyeji hawajahama.

Basi kitufe kimoja kinabeba matokeo mawili yaliyo mbali kama hayo, na maneno yake hayampi msomaji njia ya kuyatofautisha. Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. "Anza upya" ni wazi. Kwa upande wa pili, programu nyingi hutumia "Endelea", ambalo tayari limeshughulishwa kwa kuvuka kutoka ukurasa mmoja wa maelekezo hadi mwingine. Kauli ya kutendesha, "Endeleza", hudai yambwa na hivyo humkumbusha msomaji kwamba kuna kitu kilichokwisha kuanzwa. "Endeleza upakuaji" na "Anza upya" zikikaa pamoja kwenye kioo kimoja, mteja wa steshenari hana haja ya kumwuliza mwenye duka.

Hali ya watafsiri

Haitakuwa haki kumtupia mtafsiri mzigo wote. Matini za programu humfikia zikiwa vipande visivyo na muktadha, mara nyingi kwenye jedwali, kila kimoja katika mstari wake. Anaona maneno mawili ya Kiingereza. Haoni kama yatatokea kwenye kitufe, kwenye onyo, au katikati ya sentensi nyingine. Kiswahili, lugha ya ngeli, huumia zaidi kwa utaratibu huo kuliko Kiingereza. Ujumbe wenye pengo la kujazwa na programu, kama vile jina la kitu kilichokwama, hauwezi kupatanishwa mapema: faili litakwama, picha itakwama, kitabu kitakwama. Ndiyo sababu i- isiyo na mwenyewe imeenea. Ni kimbilio la mtafsiri aliyefungwa macho.

Idadi ya marudio nayo ina mtego wake. "Majaribio 3 yamesalia" ni sawa, lakini programu ileile ikifika mwisho hutamka "Majaribio 1 yamesalia", sentensi ambayo mtoto wa darasa la pili angeisahihisha kuwa "Jaribio 1 limesalia". Mifumo ya kutafsiri programu huruhusu umbo la umoja na la wingi kwa Kiswahili, mradi mtafsiri aelezwe kwamba nafasi hizo zipo. Asipoelezwa, anaweza kulikwepa tatizo kwa kutumia "mara", isiyobadilika: "Itarudia mara 1", "Itarudia mara 3". Ukwepaji wa namna hii ni ustadi, na unastahili kufundishwa katika kozi za tafsiri pamoja na nadharia ya Skopos ya Vermeer, ambayo wanafunzi huikariri vizuri na huitumia kwa nadra.

Urefu wa maneno ni utetezi wa mwisho. Vioo ni vidogo, na vitenzi vya Kiswahili hubeba viambishi vingi. Lakini "haijaitikiwa" ina herufi 12 na hubeba ukanushi, hali, kiima na kauli ya kutendwa kwa pamoja. Kiingereza huhitaji maneno manne kusema hivyo. Palipo na nafasi ya "Muda umekwisha", neno hilo linaenea, na nafasi inabaki.

Matini mbadala

Kwa faili la mfano uliotangulia, ujumbe unaofaa ungeweza kuwa huu: "Mtandao umekaa kimya kwa dakika 1. Megabaiti 225 kati ya 600 zimehifadhiwa. Programu itarudia baada ya sekunde 8." Chini yake vitufe viwili, "Endeleza sasa" na "Acha". Kila kiima kinajulikana; ukimya umepewa mwenyewe; -me- imetumika kwa kilichokamilika kweli, yaani megabaiti zilizokwisha kuhifadhiwa, na -ta- kwa kilichopangwa.

Ugumu unabaki pale ambapo seva haikubali kuendeleza. Hapo programu hujua jambo ambalo mtumiaji hapendi kulisikia, na kishawishi cha kurudi kwenye "Jaribu tena" ni kikubwa. Sentensi yenyewe si ndefu: "Seva hii hairuhusu kuendeleza. Ukianza upya, utatumia megabaiti 600." Kiambishi -ki- cha masharti kinauacha uamuzi mikononi mwa msomaji, naye aweza kuangalia salio la bando lake kabla ya kubonyeza.